Jina la Rubani

Ngulyati, 9 Agosti 1975

Baba Sayi,

Mwangaluka. Huku tu wazima, pamba tumeuza, na yule ng'ombe mwekundu kazaa.

Umesema utakawia Mwanza kwa sababu umesikia kuna kitabu kingine cha kale cha marubani wa kwanza. Haya. Vile vya hapa nilivianika juani jana, mchwa wasivitafune. Nimevifuta vumbi kuliko nilivyowahi kufutwa machozi mimi.

Kile chenye jalada jekundu kina maneno ya wino mwanzoni. Nilipokuuliza, ulisema ni jina la rubani. Nikaamini, nikawa napapangusa taratibu jina la watu lisifutike.

Sasa darasa la watu wazima limefika hata huku, na mwezi jana nimefaulu. Nikasoma, na jina ni lako: "Ngeleja wangu, ruka uje. Wako Asumini."

Miaka yote nimewaonea wivu marubani wa kizungu waliokufa, kumbe mwizi wangu yuko hai!

Vingine nimevirudisha sandukuni. Hicho nimekitia mafigani, na maji ya ugali yamechemka upesi.

Ukijibu, usimtumie tena mwalimu barua anisomee. Hii nimeiandika mwenyewe.

Mkeo,
Lukresia