Mdogo Wangu Ameacha Nafasi ya Mshahara Wazi

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Ijumaa, maana hata kazini sasa naona karatasi moja tu. Mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta, mwaka wa tisa katika ofisi ya bima, na mdogo wangu, kitinda mimba wetu, niliyemfundisha kazi hii kwenye meza ya jikoni akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa kwa sababu viti havikututosha, sasa ana kampuni yake changa, watu wanne na chumba kimoja juu ya duka la miwani, wanatengeneza programu ya kupanga zamu za wauguzi, na mwezi uliopita alinijia akasema, "Dada, bila wewe hiki kitu hakisimami, sema tu unataka nini," nami mdomo ukanitangulia, nikasema, "Chochote utakachonipa, mdogo wangu." Akasema na hisa nitapata, tutaona mbele ya safari. Juzi ameleta mkataba, wa kusainiwa Ijumaa. Kila kitu kimeandikwa, hadi siku za likizo, lakini penye mshahara pako wazi, na penye hisa pako wazi. Nimelia, mshauri, nikaona kumbe dada ni wa bure, na nina watoto wawili shuleni, nikidai nitaonekana namkaba mtoto niliyemlea, nikinyamaza nitafanya kazi kwa kinyongo, na kinyongo kitatutenganisha. Nisaini hivyo hivyo, au nibaki kwenye bima yangu?

Mwalimu wa Jikoni

Mwalimu, futa machozi kwanza, halafu nikugombeze kidogo. "Chochote" si mshahara. Mdogo wako alikuuliza swali la mtu mzima, ukamjibu kama vile bado amekalia ndoo.

Sasa usome tena ule mkataba. Mtu anayekupuuza huandika namba ndogo, akakuletea kalamu. Huyu kakupangia mpaka likizo, alipofika kwenye thamani yako mkono ukagoma, kwa sababu mdogo hampangii dada yake bei. Mimi katika nafasi ile naiona haya yake, sioni dharau. Anakupenda, na hajui aanzie wapi.

Ila haya hailipi ada, kwa hiyo usisaini karatasi yenye nafasi wazi, hata ya ndugu. Ulizia kwanza wenzako wa miaka tisa wanalipwa ngapi kwingine. Hiyo ndiyo namba utakayoitaja. Nyingine, ambayo ukishuka chini yake watoto watakosa, ibaki moyoni na usiivuke. Kampuni changa haina fedha nyingi, basi ukimpunguzia mshahara, akuongezee hisa, na hapo "tutaona" haikubaliki. Muulize hisa zako ni ngapi kati ya ngapi kwa jumla, zinakuwa zako lini, na ukiugua au ukiondoka zinabaki na nani. Majibu yaandikwe, na wakili ayasome. Mali bila daftari hupotea bila habari, na undugu nao huweza kupotelea humo humo.

Mwite jikoni kwako kabla ya Ijumaa. Jazeni nafasi zile mbili pamoja, kwa sauti, polepole. Akiinamisha macho, mwambie hili ni somo ulilosahau kumfundisha, kwa kuwa hata wewe hukulijua.

Na safari hii mpe kiti.