Waya Zangu Chini ya Meza

Jumatatu, 3 Machi
Nimerudi kutoka Kombewa. Dada ametoka hospitali. Anakula na anagombana na kila mtu, kwa hiyo amepona. Asubuhi nilifanya kama kawaida: kuwasha transfoma, kushika mita, kuzunguka meza ya treni ndogo za mume wangu nikipima. Reli ya gati sawa. Reli ya sokoni sawa. Nilipofika stesheni nikasimama.

Taa mpya. Nyeupe, kali, zimepangwa mstari. Si zangu. Zangu zilikuwa za manjano, hafifu, kama za stesheni yenyewe enzi zile.

Baba Otieno anasema ni Zainabu wa Kaloleni aliyeziweka, yule fundi wa stima anayepamba harusi. "Ulikuwa mbali," akaniambia. Kombewa ni mbali? Sawa, treni ndogo ni zake. Alifanya kazi relini mpaka akastaafu, na nyumba zote za hii meza, daraja, hata meli ya kadibodi, ametengeneza kwa mkono wake. Lakini waya zote huko chini ni zangu. Nilikuwa natengeneza redio Kibuye kabla huyo Zainabu hajaota meno. Nimekasirika.

Jumanne, 4 Machi
Treni inakwama kona ya stesheni. Taa ya mbele inapepesa, injini inatetemeka, inasimama. Ukiisukuma kwa kidole inaendelea. Nilikuwa nishapiga magoti niangalie chini nikasikia Baba Otieno yuko kwa simu. Anamwita Zainabu. Mimi niko hapo hapo, mita mkononi, na mtu anaitwa! Ati watoto wa chekechea ya kanisa wanakuja kuona treni Jumamosi ya tarehe 15 na hataki kubahatisha.

Kubahatisha. Yawa! Mimi ndiye bahati nasibu siku hizi.

Alhamisi, 6 Machi
Amekuja. Hijabu ya kijani, sanduku la vifaa, kila bisibisi mahali pake. Mrembo pia, kwa nini nisiseme. Nilipika chai ya maziwa. Akasema asante Mama, hapana. Nikaona dharau. Kumbe ni Ramadhani, amefunga. Haya basi. Lakini Baba Otieno naye akasukuma kikombe chake kando, ati si vizuri kunywa mbele ya mgeni aliyefunga. Tangu anioe hajawahi kukosa chai ya saa nne. Sisi jana tumeingia Kwaresima na hajaacha hata sukari.

Kisha akaingia chini ya meza kumshikia tochi. Hapo ndipo roho iliponiuma kabisa. Kushika tochi ni kazi yake kwangu. Anajua kuielekeza juu ya bega langu la kushoto bila kuambiwa. Nikaona miguu yao imetokeza, wanaongea polepole kuhusu waya zangu. Nikaenda kumwaga chai.

Zainabu anasema mita inaonyesha stima inafika kwenye reli, lakini treni ikipita nguvu inaisha. Waya ni nyembamba mno. Zibadilishwe zote. Alinieleza kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyonichoma.

Ijumaa, 7 Machi
Nimejua.

Jana jioni zile taa kali ziliachwa tena zikiwaka na dirisha likiwa wazi, bila shaka kama kila jioni tangu ziwekwe. Wakaingia wadudu wa ziwa, wale wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi. Asubuhi nimewakuta wamekufa, wamejaa stesheni nzima. Nikapitisha kidole juu ya reli. Kikatoka cheusi, kina mafuta. Treni inawasaga, uchafu unaganda, magurudumu hayapati stima. Mita haiwezi kugundua kwa sababu ncha yake inakwaruza uchafu na kugusa chuma. Hakuna waya mbovu hata mmoja.

Nilitia spiriti kwenye kitambaa nikapangusa kipande kidogo, urefu wa kiganja. Treni ikapita hapo vizuri kabisa, ikaenda kukwama mbele kidogo.

Nikafunga chupa. Sikupangusa kwingine na sikumwambia mtu. Wacha ahangaike. Wacha Baba Otieno aone huyo fundi wake.

Jumamosi, 8 Machi
Zainabu alifika na marobota ya waya mpya. Kabla hajaanza akaniuliza, "Mama, hizi umezifunga wewe. Unaonaje?" Aliuliza kwa kweli. Baba Otieno alikuwa ananitazama. Nikasema wewe ndiye fundi.

Nimekula ugali peke yangu jikoni.

Jumatatu, 10 Machi
Waya zangu zimeanza kutolewa. Nyekundu kwa reli ya ndani, nyeusi kwa reli ya nje, kila mahali nilipolehemu kwa mkono wangu. Zainabu alizikata kwa koleo na kuziweka sakafuni. Sauti ya koleo niliisikia mpaka jikoni. Ningeweza kuingia na kusema simama. Sikuingia. Wivu una kiburi, na mimi nina vyote viwili.

Baba Otieno alizikunja taratibu akazitia kwenye mfuko. Akanitazama tena. Anatafuta nini usoni mwangu?

Jumatano, 12 Machi
Waya mpya zote ziko ndani. Manjano na buluu, nene. Akawasha. Treni ikatoka gatini, ikapita sokoni, ikafika kona ya stesheni, ikakwama.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilisimama mlangoni nikafurahi kama mtoto.

Zainabu aliketi sakafuni. Midomo imekauka, hajala tangu alfajiri. Akasema, "Samahani, Mzee, nimeshindwa." Furaha yangu ikaisha haraka kuliko nilivyotaka.

Ijumaa, 14 Machi
Watoto ni kesho. Alasiri Baba Otieno akasema anaenda Dunga kununua samaki. Samaki! Na jana tumenunua. Akatoka, akaacha chupa ya spiriti juu ya meza, karibu na gati.

Nimepangusa reli yote, kona kwa kona, na magurudumu ya injini pia. Nimefunga dirisha. Nikawasha. Ikazunguka, ikazunguka, haikupepesa hata mara moja. Tena haraka kuliko zamani. Hizo waya nene ni nzuri, siwezi kudanganya.

Aliporudi akaikuta inazunguka. Nikasema imejirekebisha. Akaweka samaki wake kwenye sinki, ngege wanono.

Jumamosi, 15 Machi
Watoto walipiga makelele mpaka bati likatetemeka. Mwalimu wao akauliza ni nani aliyefanya kazi ya stima. Baba Otieno akasema, "Zainabu." Watu wakapiga makofi. Na ni kweli, hilo ndilo linaloniuma. Hakuna waya wangu hata mmoja uliobaki chini ya ile meza. Mimi niligawa juisi.

Zainabu hakuchukua hata sifa zenyewe. Alisema hajui ni nini kilichoifanya ikubali.

Jumapili, 16 Machi
Baada ya kanisa nimemwambia Baba Otieno. Nilisema haraka nikiangalia ukuta. Ni wadudu wa ziwa. Nilijua tangu Ijumaa ile, kabla waya hazijaguswa.

Akasema, "Najua, Nyaseme." Huniita hivyo, binti wa kwetu Seme, tukiwa wawili tu. Anasema Ijumaa ile ile aliona kipande kimoja cha reli kinang'aa kama kijiko, na kitambaa changu kinanuka spiriti.

Nikamuuliza mbona alinyamaza wakati kazi yangu inakatwakatwa.

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Kila siku nilingoja."

Nikasema na wewe je, uliyemwita mtu mbele yangu bila kuniuliza? Akafikiri. Akasema hapo alikosea. Hatukuongea tena mpaka jioni. Wazee wawili, nyumba moja, kila mtu na mdomo wake umefungwa. Aibu gani hii.

Jumanne, 18 Machi
Taa moja ya gati imezima. Nimeingia chini nikashika waya wa manjano, nikaufuata kwa kidole, ukanipotea kati ya nyingine. Sijui chochote huko chini sasa. Nikatoka nikampigia Zainabu. Nilimweleza habari ya wadudu kabla ya habari ya taa.

Akasema, "Mama, nilikuuliza."

Ndiyo. Aliniuliza.

Nikasema nisamehe, mwanangu. Hakusema amenisamehe. Amesema atakuja kesho saa tatu anionyeshe waya wa gati unapopita. Nimefagia chini ya meza na kutandika mkeka.