Siku Niliyotembea Kimya hadi Kangemi

Juu ya duka la Mjomba Abdalla,
Mtaa wa Biashara, Nairobi.
Jumatano, 19 Aprili 1967

Kwako dada yangu Bi Mwanasiti,

Assalaam alaykum. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, isipokuwa nyayo, na habari za nyayo utazisoma huko chini. Natumaini barua hii itakukuta lile jino limeacha kukusumbua, Mama kifua kimempa nafasi, na Baba bado anakwenda msikitini kwa miguu yake bila kushikwa mkono. Kaka Twahir na watoto wake wape salamu zangu, lakini barua usiwape. Hii ni yako peke yako. Ikiwa umeifungua mbele za watu, tafadhali ikunje uingie nayo chumbani.

Huku Mjomba hajambo, na biashara ya vitambaa inakwenda. Mvua imeshika tangu mwanzo wa mwezi, na mkaza mjomba analalamika kwamba nguo za Nairobi hukauka kwa kuombewa dua. Anakusalimu sana. Kila akikutaja husema, maskini Mwanasiti, mtu mwema vile na Mungu hakumjaalia mtoto. Hapo mimi hunyanyuka nikaenda kuangalia chungu jikoni hata kama hakuna kilichopikwa.

Kazi ya simu naendelea nayo. Sijapata kukueleza vizuri ilivyo. Tunakaa wasichana kumi na wawili mbele ya ubao wenye matundu, visikizio masikioni, tunachomeka waya na kuchomoa, tukimuunganisha mtu wa Nakuru na mtu wa Nairobi, mtu wa Nairobi na mtu wa Mombasa. Dakika tatu zikitimia unaingia katikati yao, unasema zimekwisha, unauliza kama wanaongeza, kisha unatoka. Sheria ya kwanza tuliyofundishwa ni kwamba ukishawaunganisha watu, usiwasikilize. Msichana aliyesikiliza mwaka jana alifukuzwa siku hiyo hiyo.

Jumanne ya wiki iliyopita lilinipata jambo pale kwenye ubao. Nitakwambia, lakini si hapa. Mkono wangu haujafika huko.

Baada ya siku ile nikawa si mtu. Anayetaka Kisumu nampa Eldoret. Nilimkatia simu daktari mmoja katikati ya maneno, na msimamizi akaniita pembeni akaniuliza kama ninaumwa. Usiku nikilala nasikia sauti tupu, za watu nisiowajua, zinaulizana hali. Ndipo Awiti, msichana anayekaa mkono wangu wa kulia, akaniambia jambo analolifanya yeye kila mwaka. Wiki ya kabla ya Pasaka, kama masista walivyomfundisha shuleni, hutembea siku nzima peke yake bila kusema neno na mtu. Alisema kichwa chake hujaa sauti za watu mwaka mzima, na siku ile humwagika njiani, na akirudi hujijua tena yeye ni nani. Nikamwambia sisi Waislamu tuna funga yetu. Akajibu kwamba hajanikataza funga yangu, amenishauri miguu tu.

Nililishika hilo la kujijua mimi ni nani. Jumapili, baada ya chai ya asubuhi, nikamwambia mkaza mjomba kwamba nakwenda kushinda kwa Awiti. Huo ulikuwa uongo, nikausema kabla sijaanza kunyamaza. Nikavaa buibui, nikashuka ngazi, na nilipokanyaga barabara nikafunga mdomo.

Mji ulikuwa mtupu, maduka yamefungwa, kengele za makanisa zinalia. Nikapita penye jumba la makumbusho, nikashuka darajani nikapanda upande wa pili hadi Westlands. Sikuwa na mahali ninapokwenda. Awiti alisema ukiwa na mahali pa kwenda unakuwa msafiri tu, basi kila njia panda nilichukua ile iliyokuwa na kivuli zaidi. Kivuli kikanifikisha Spring Valley, kwenye nyumba ambazo huzioni, unaona ua wa kayaba wenye miiba, mrefu kuliko mtu, na geti, na nyuma ya geti mbwa.

Dada, nilidhani kunyamaza ni jambo jepesi. Ni zito. Kabla ya saa tano nilikuwa nimeamkiwa na watu saba, na kila salamu nisiyoijibu ilinikaa kooni kama mwiba. Mzee mmoja aliyekuwa anakwenda kanisani alinisalimu mara mbili, akanitazama, kisha akasonya. Nikatamani kumfuata nimwombe radhi. Taya ziliniuma. Na zile sauti za kichwani hazikumwagika hata moja. Badala ya kupungua zikasikika vizuri zaidi, kwa kuwa sasa hapakuwa na kelele ya kuzifunika.

Kwenye kona moja nilisimama nitoe kijiwe kiatuni, na mlinzi akatoka getini na rungu. Alikuwa Mkamba wa makamo, na baadaye nilisikia mwenzake akimwita Mwololo. Akaniuliza ninatafuta nyumba ya nani, na mbona nimejifunika, na kama nina barua ya kazi. Sikujibu. Akapandisha sauti. Mbwa naye akapandisha. Nikaogopa, na badala ya kuvunja nadhiri yangu nikafanya jambo ambalo mpaka sasa linaniaibisha: nikaugusa mdomo wangu kwa kidole, nikatikisa kichwa.

Mara uso wake ukabadilika. Akaliweka rungu chini, akamfukuza mbwa, akaanza kunisemesha polepole kwa mikono, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Akanionyesha njia ya kupita katikati ya mibuni, kwamba nikiifuata nitatokea kwenye watu. Akanipa na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Nikaenda nacho mkononi, nisijue kama ni halali yangu kukila. Sikuwa nimetamka uongo, lakini mtu yule alikuwa amedanganywa, na aliyemdanganya ni mimi.

Mvua ilinikuta nikitoka kwenye mibuni naingia Kangemi. Si mvua ya kujikinga kwa buibui. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza viazi kando ya njia alikuwa anavifunika kwa gunia, akaniona, akanivuta kwa mkono mpaka ndani kwake. Jina lake Wahu. Alinisemesha Kiswahili, sikujibu, akajaribu Kikikuyu, sikujibu. Nikagusa tena mdomo. Mara ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza, na hilo lilinitisha.

Wahu akanikalisha karibu na jiko, akanivua viatu kwa mikono yake, akaziona nyayo zilivyochubuka, akaziosha kwa maji ya vuguvugu. Akanimiminia chai. Ndani mlikuwa na baba mkwe wake, mzee Gerishon, mzee wa kanisa, amerudi ibadani na koti lake. Wakazungumza habari zangu mbele yangu kama nisiyesikia, Kikikuyu na Kiswahili vimechanganyika, nami nikaokota maana. Walikubaliana kwamba mimi ni bubu niliyepotea, kwamba watu wangu lazima wako mjini kwa Waislamu wenzangu, na kwamba si vizuri msichana kama huyu alale nje. Mzee akasema kesho asubuhi angenipeleka mwenyewe mpaka mjini, msikiti kwa msikiti. Kisha akawaza jambo, akaleta penseli na kipande cha karatasi.

“Andika jina yako,” akaniambia, akionyesha kwa kidole, “na ya baba yako. Hiyo tu. Tutapata watu yako.”

Nikaandika Salme. Nikaandika binti. Mkono ukasimama.

Dada, jina hilo nimeliandika tangu darasa la kwanza. Salme binti Mabruki. Nimeliandika kwenye madaftari, kwenye cheti, kwenye kitabu cha mahudhurio kila asubuhi. Siku ile nilikaa na penseli juu ya karatasi mpaka chai ikapoa. Mzee akadhani sikuelewa, akarudia, baba yako ni nani. Akarudia tena, kwa upole.

“Sijui,” nikasema.

Hilo ndilo lililokuwa neno langu la kwanza siku hiyo, na lilitoka kwa sauti kubwa.

Mzee Gerishon akanyanyuka. Akasema kwa Kikikuyu maneno nisiyoyajua, akachukua Biblia yake akaingia chumba cha pili, na hakutoka tena. Nilimsikia akikohoa. Nikaanza kuvaa viatu, nalia, namwambia Wahu kwamba sikukusudia, kwamba ilikuwa kama nadhiri, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia mwenyewe kwamba maelezo yangu hayana kichwa wala miguu. Wahu hakukasirika, wala hakunisamehe. Alisogeza kikombe tu.

“Maliza chai kwanza,” akasema.

Mvua ilipopungua akanisindikiza mpaka barabara kubwa ya Nakuru. Hakuniuliza kitu. Mimi ndiye niliyetaka kuulizwa. Nikarudi kwa miguu mpaka mjini, na mkaza mjomba alipoona hali yangu nikamwambia tulinyeshewa.

Sasa mkono umefika, na nikiuacha upoe hautarudi.

Ile Jumanne, saa nne na robo, niliunganisha simu kutoka Mombasa kuja namba ya duka la Mjomba. Sauti ya Mombasa ilikuwa ya Kaka Twahir. Nilifurahi. Nilitaka kusikia tu anavyocheka, kisha nitoke. Sikutoka. Nilisikiliza, dada, na ninajua ni kosa.

Kaka alisema watu wa Malindi wameleta posa yangu rasmi, na Baba amekubali. Akasema Baba anataka asimame yeye mbele ya kadhi kama baba mzazi, kama alivyofanya miaka yote.

“Mimi sitakaa pale nikashuhudia uongo, Mjomba,” akasema. “Salme ni mtoto wa Mwanasiti. Sisi sote tunajua. Sasa lazima Mwanasiti amtaje huyo mwanamume.”

Mjomba akauliza taratibu kama wewe umeambiwa. Kaka akasema umeambiwa, umelia siku mbili, na jina hukulitoa. Wakati huo dakika tatu zilikuwa zimetimia na taa imewaka mbele yangu. Ilinibidi niingie. Nikawaambia zimekwisha, nikawauliza kama wanaongeza. Kaka yangu, aliyenifundisha alifu na be, hakuijua sauti yangu. Alisema hapana, inatosha, akakata.

Sijui nihisi nini. Asubuhi nakasirika. Mchana nakuhurumia. Jioni nafika nyumbani, Mjomba ananiuliza kazi ilikuwaje, namjibu nzuri, nakula chakula chake, na sote wawili tunajua jambo moja na kila mmoja anadhani mwenzake halijui. Mara nasema laiti nisingesikiliza. Mara nasema kwa nini nijue mimi wa mwisho. Nilikwenda kutembea ili nijijue mimi ni nani, nikarudi na malengelenge na aibu ya kumdanganya mzee wa watu.

Jambo moja tu ndilo nililorudi nalo kutoka kule. Mimi nilinyamaza siku moja, tangu asubuhi hadi alasiri, na nilikuwa karibu kupasuka. Wewe umenyamaza miaka ishirini na miwili. Ulinisuka nywele umenyamaza. Nilipougua surua ukakesha nami, na asubuhi majirani wakamsifu Mama kwa uvumilivu wake, na wewe umekaa pale. Na siku ile nilipokuwa na miaka kumi na minne, uliponikataza kwenda kwenye ngoma, nikakuambia mbele ya wageni kwamba wewe hujui uchungu wa mwana, na uniache. Ulitoka ukaenda uani. Nilifikiri umekwenda kuanua nguo.

Sijui nikuombe msamaha kwa hilo kwanza, au nisubiri wewe uniombe kwa lile jingine. Nimejaribu kuamua tangu Jumapili na bado.

Hilo jina la huyo mtu, sijui kama nalitaka. Nimeandika hapa mara tatu kwamba nalitaka, nikafuta, na wino umechafua karatasi kama unavyoona. Kuhusu posa, nimemwandikia Kaka barua nyingine fupi kwamba wasubiri, sijasema kwa nini. Ukitaka kumwambia kwamba ninajua, mwambie. Usipotaka, mimi sitakutangulia.

Nimeomba ruhusa kazini, nimepewa siku nne. Nitapanda gari moshi la Ijumaa jioni tarehe ishirini na nane, nitafika Mombasa Jumamosi asubuhi. Nakuomba uje stesheni, uje peke yako, na tusipande gari. Twende nyumbani kwa miguu, hata kama ni mbali. Ukitaka kusema, useme. Ukitaka kunyamaza, nitanyamaza nawe.

Nisalimie Mama na Baba. Mjomba na mkaza mjomba wanakusalimu. Mungu akuhifadhi mpaka tuonane.

Sijui nitakuitaje nikikuona. Kwa siku hiyo nitakuamkia shikamoo tu, maana kwa neno hilo huamkiwa dada mkubwa na huamkiwa mama pia, nawe uniitikie.

Ni mimi,
Salme