Pasiwedi ya Kliniki ya Macho

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimejipiga kifua, acha tu. Miaka mitatu natunza tovuti ya kliniki kwa kubahatisha – nabadilisha hukohuko kwenye seva, kompyuta inayoibeba tovuti, wagonjwa wakiwa katikati ya kuandikisha miadi, na nakala yangu ya akiba inaitwa "mpya_mwisho_kabisa2". Basi. Kuanzia wiki hii ni programu ya Git: kila badiliko linaandikwa, nani kafanya, lini, nini. Na seva itafunguliwa kwa ufunguo ulio ndani ya kompyuta yangu tu. Nimemweleza Daktari mbele ya watu wote.

Halafu nikaenda mapokezi nikang'oa karatasi aliyoibandika Mama Kadi kwenye skrini yake, yenye pasiwedi yake ya kuangalia miadi. Nikamwambia hivi ndivyo watu wanavyoibiwa, mama. Wagonjwa wanasikia. Akacheka, akasema yeye mambo yake ni kadi, hayo mengine anatuachia vijana. Kadi za wagonjwa ameziandika miaka ishirini, hata jina lake halisi wengi hatulijui.

Jumatano, 5 Machi
Seva ilinikataa mara nne. Kumbe funguo ni mbili, na nilibandika ule wa siri mahali pa ule wa wazi. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Mwishowe imekubali, na tovuti yote nimeipandisha kwenye ghala la Git mtandaoni. Ghala nimeliacha wazi ili wenzangu tuliosoma pamoja waione kazi. Wanisifu, kusema kweli. Nitalifunga kesho.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Tovuti inaonyesha matangazo ya kamari. Miadi yote ya wiki ijayo imefutwa. Mzee mmoja amekuja na bendeji jichoni, katoka mbali, kaambiwa hayumo kwenye orodha.

Daktari akatuita, akauliza nani katoa pasiwedi nje. Nesi akakumbusha ile karatasi ya mapokezi. Wote wakageuka wakamtazama Mama Kadi.

Na mimi nikamtazama.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepata. Ni mimi.

Ile faili ya mipangilio, yenye pasiwedi kuu ya tovuti, niliipandisha pamoja na nyingine zote. Ghala liko wazi. Dunia nzima inasoma. Na pale pembeni pameandikwa jina langu, Jumatano, saa tisa na dakika kumi alasiri, na maelezo niliyoyaandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Usalama kwanza."

Nimefunga ghala, nimebadilisha pasiwedi, tovuti nimeirudisha kutoka nakala ya seva. Faili nimeifuta – lakini Git haisahau, kumbukumbu ya Jumatano bado ipo. Kuna amri ya kuiandika historia upya, kana kwamba Jumatano haikuwepo. Nimeiandika yote. Sijabonyeza.

Pasiwedi ya Mama Kadi inaonyesha miadi tu, haiwezi kufuta hata nukta. Hapo kazini anayelijua hilo ni mimi peke yangu. Nimemwambia mdogo wangu, nikitaka anihurumie. Akaacha kupiga pasi. Akasema kwa hiyo mwizi umempa ufunguo wewe, na unayemfunga ni bawabu. Akaendelea na pasi yake.

Jumatatu, 10 Machi
Mama Kadi kapewa barua ya kujieleza. Kikao kesho saa nne. Asiporidhisha, anasimamishwa, na kabakiza mwaka mmoja kustaafu.

Nilikwenda kwa Daktari kusema. Wallahi nilikwenda kusema. Kabla sijafungua mdomo akanishukuru kwa kurudisha tovuti haraka, akasema laiti wote wangekuwa makini kama mimi. Nikasema asante. Asante! Nikatoka. Sijioni kuwa mtu.

Jumanne, 11 Machi
Saa tatu na nusu. Naandika haraka.

Mama Kadi kaja mezani kwangu na barua yake, kaiandika kwa mwandiko ule ule wa kadi, ananiomba nimsahihishie. "Nakiri kwamba kwa uzembe wangu nimewapotezea wagonjwa miadi." Anaamini. Ameshajihukumu. Kaniomba nimsemee kikaoni kwamba tangu nimkanye hajaandika tena popote, maana mimi ndiye niliyemfundisha. Kanishika na mkono. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kisha akaangalia skrini yangu, akauliza kama hiyo mashine inamjua aliyefungua mlango. Nikasema inamjua. Akasema vizuri, ngoja akalete miwani asome mwenyewe, asije akaomba radhi kwa jambo asilolijua.

Kwa hiyo nina dakika mbili. Dirisha moja la skrini lina ile amri ya kufuta historia, tangu Jumamosi. Jingine lina Jumatano, na jina langu.

Nimekuza herufi za Jumatano, macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo. Nimesogeza kiti cha pili. Namsikia koridoni, anamwambia Daktari aje naye waone wote, na Daktari anasema haya, twende