Jiwe la Kaka Yako Limekatwa

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.
12 Juni

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo huko uliko? Magoti yanasemaje na baridi hiyo? Sisi tu wazima, pacha wanakula vizuri, ila mimi usingizi umenipa kisogo tangu msiba. Nachoka hata kabla sijafanya kitu.

Nakuandikia kuhusu jiwe la kaka yako. Najua ulisema lisiguswe, tuliweke zima kaburini kwake siku utakapokuja. Nisome mpaka mwisho ndipo uninunie.

Unakumbuka alivyoliokota jangwani, enzi zile anaendesha lori la maji, akaapa kwamba limeanguka kutoka angani. Sote tulimcheka. Mimi nikaliita mke mwenzangu, maana ndilo lililokaa kiti cha mbele. Hospitalini hakuliachia, kidole gumba ndani ya kibonyeo chake, kile kishimo cha ubavuni. Siku ya mwisho aliniambia, "Mama Pacha, wapelekee wataalamu walipime. Watu wajue sikuwa mwongo." Hakuniomba kingine.

Basi nikalipeleka chuoni kwa mtafiti wa miamba, mama mmoja mpole. Alilinusa, akaniuliza nani amelikaanga. Nikamweleza kuwa marehemu alilipaka mafuta ya kupikia kila Ijumaa, ling'ae kama viatu vyake. Akacheka, kisha akalijaribu kwa sumaku. Sumaku ilinasa kidogo, na ganda lake jeusi, kama la kitu kilichoungua, lilimpa moyo, lakini hayo hayatoshi. Mafuta yalikuwa yamepenya kwenye nyufa, kwa hiyo kumega pembeni hakufai, lazima akate hadi katikati. Tena kipande kibaki kwao daima. Ndiyo kanuni, la sivyo haliandikishwi kwenye orodha ya mawe ya angani.

Nikarudi nalo nyumbani. Lilikaa mezani siku kadhaa, nami nalizunguka na ufagio. Nilikupigia, hukupatikana. Wewe ulilitaka zima, yeye alitaka lipimwe. Nimemfuata yeye, wifi. Niliomba jambo moja tu, msumeno usiguse upande wenye kibonyeo.

Ndani ni la kijivu, lina vipunje vya mviringo kama uwele, na chembe za chuma zinazometameta. Mtafiti aliniachia nichungulie kwenye hadubini. Nikaona rangi ambazo hata kitenge hakina.

Ni kimondo, wifi. Kimondo cha mawe. Kaka yako hakuwa mwongo.

Ila ni cha aina ya kawaida, ile inayookotwa kuliko zote. Mtafiti alilisema hilo kama anayeniomba radhi. Mimi nilitabasamu, mara ya kwanza tangu tuzike, kwa kuwa nilimsikia kabisa marehemu akijibu kwamba ni la kawaida huko juu, si hapa mtaani kwetu.

Limepewa jina la eneo lilikookotwa, pamoja na namba. Jina lake yeye halimo. Niliwaza hilo njia nzima ya kurudi.

Limebaki kama theluthi mbili. Kibonyeo kipo. Nimejaribu kidole changu, kinapwaya. Vidole vyenu ni vya ukoo mmoja, vipana. Njoo ujaribu chako kwanza, kisha tulipeleke kwake pamoja.

Msalimie shemeji, na umbusu kifungua mimba wako kwa niaba ya binamu zake, hawa pacha wanaojiita shangazi zake. Mungu akulainishie njia.

Wifi yako akupendaye, hata ukininunia,
Mama Pacha