Baba, Harusi Ilikuwa Saa Nne

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ulipotutoka.

Kaka alitaka tangazo hili liwe fupi. Picha yako ukiwa umevaa tai, tarehe zako mbili, na sisi chini yake kwa mpangilio wa kuzaliwa. Alinipa mimi, kitinda mimba wako, kazi ya kuandika kwa sababu mimi ndimi karani wa nyumba hii. Sasa kalamu ninayo mimi, na yeye amebaki na hasira.

Ulikuwa fundi viatu kwa miaka arobaini na tatu, katika kile chumba cha mlango wa bluu kati ya duka la vioo na kinyozi. Misumari uliibana mdomoni, ukaongea kwa upande mmoja wa midomo, na wateja wageni walidhani umepooza uso. Mtu akikuletea kiatu kilichokwisha kabisa, ulikigeuza huku na huku, ukamtazama kwa huruma na kumwambia, "Pole sana. Hiki si cha kushona tena, hiki ni cha kuzika." Kisha ulicheka kabla yake, na kiatu ukakishona.

Ulipenda redio ya sauti ya chini, chai isiyo na sukari, na kubishana na kinyozi kuhusu jambo lolote aliloamini.

Jumamosi hukumfungulia mteja wa mjini. Ulibeba begi lako ukaenda nyumba za machimboni, zile nyumba saba ng'ambo ya machimbo ya mawe, wanakoishi watu waliougua ukoma. Walipona zamani na vyeti vya hospitali wanavyo. Lakini mji huu haujawasamehe vidole vyao. Mwenye duka aliwapokea pesa kwa kijiti na muuza maziwa aliwawekea chupa barabarani.

Miguu yao mingi imekufa ganzi. Mtu anakanyaga msumari asubuhi, anashinda nao, anakuja kujua jioni akiona damu sakafuni. Ndiyo maana uliwashonea viatu vipana vya sponji laini, mmoja mmoja, kwa kipimo chake. Uliupakata mguu kama mtu anayepakata mtoto, ukaupima kwa mkono mtupu. Tulikununulia glavu. Ukazitumia kushikia kopo la gundi.

Na kila kiatu kilipokwisha, uliingiza mkono ndani na kupapasa taratibu, macho umeyafumba, mara tatu, ukitafuta ncha ya msumari. "Wao hawasikii," ulisema, "kwa hiyo nasikia mimi."

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilikuuliza kwa nini lazima uwashike. Ulitoa misumari mdomoni, jambo ulilolifanya kwa maswali makubwa tu.

"Bwana alimgusa yule mwenye ukoma kwanza, ndipo akamponya. Angeweza kumponya kwa mbali, si ndiyo? Alijua ugonjwa ulikuwa nusu tu ya shida yake."

Ukairudisha misumari mdomoni.

Mmoja wao, mama mtu mzima tuliyezoea kumwita Bibi Kicheko kwa sababu anacheka mpaka machozi, ulimleta kanisani. Benchi zima likahama. Kwa miaka tisa mlikaa wawili kwenye benchi la watu wanane. Sisi, mkeo na wanao, tulikaa mabenchi manne nyuma yenu tukiimba kwa nguvu.

Halafu nikapata mchumba. Na wewe ukatokewa na mabaka mikononi.

Daktari alikuangalia akasema ni gundi. Miaka arobaini ya gundi, ngozi imechoka, paka mafuta haya. Akaandika na cheti. Lakini shangazi wa mchumba wangu alikuwa ameshayaona mabaka, na alijua ulikokuwa ukienda Jumamosi. Alikuja sebuleni kwetu akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Sisi na mzee hatuna neno," alisema. "Ila watu wana macho."

Kaka alipomsindikiza na kurudi alisema, "Cheti cha daktari tutambandika kifuani?"

Tukakuhamishia chumba cha nyuma ya karakana yako, mpaka harusi ipite. Ulikubali. Ulisema bibi harusi anahitaji nafasi. Uliomba kitu kimoja tu: kunishika mkono na kunipeleka mbele ya kanisa. Ulikuwa ukifanya mazoezi ya kutembea polepole humo karakanani, kinyozi alituambia, na yeye ndiye aliyekuwa bibi harusi.

Viatu vyeupe ulivyonishonea nilivifungia kabatini. Nilinunua vya dukani.

Sasa nifike pale Kaka asipotaka nifike. Tulikuwa watatu sebuleni: Mama, Kaka na mimi. Kaka, nimtendee haki, alitaka tukuambie ukweli kwamba usije. Ni mimi niliyesema, "Akiambiwa asije atauliza sababu. Mwambieni saa tisa."

Harusi ilikuwa saa nne asubuhi.

Mama aligeukia dirishani. Kaka akasema, "Hiyo ni nzuri. Hakuna atakayeumia." Akaenda kukuambia saa tisa alasiri, na akarudi akisema umefurahi sana.

Baba mdogo ndiye aliyenishika mkono. Watu walipouliza, tulisema mzee hajisikii vizuri. Mchungaji alikuombea.

Yaliyobaki tuliambiwa na mama anayesafisha kanisa. Ulifika saa nane na nusu, suti imenyooka, mabaka umeyafunika kwa mikono mirefu ya shati. Ulikuja na Bibi Kicheko na majirani zake watano, wote wamevaa viatu vyako, vimepigwa rangi vinang'aa. Huyo mama msafishaji alikuwa akifagia maua.

"Mzee, mbona harusi imekwisha? Wako ukumbini, wanakula."

Alisema ulisimama ukitazama lile fagio muda mrefu. Kisha uliwaomba wenzako warudi nyumbani, ukaja ukumbini peke yako.

Tulikuwahi getini, mimi na gauni langu na Kaka pembeni yangu. Hukuwa umekasirika. Ungekasirika tungepona.

"Mliniambia saa tisa," ulisema.

Nami nikakujibu, kwa macho makavu, "Baba, tulikuambia saa nne. Umesahau."

"Hata juzi nilikukumbusha, mzee," Kaka akadakia.

Nilikuona ukitafuta kichwani, kama mtu anayejipapasa mifuko akitafuta ufunguo. Ulitutazama mmoja mmoja. Wanao wawili, wakubwa, wanasema neno moja. Ukachagua kutuamini sisi kuliko kichwa chako.

"Basi nimezeeka," ulisema. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuharibia siku yako."

Hukutaka kuingia usije ukawasumbua wageni. Tulikutolea chakula kwenye sahani ya plastiki, ukala umesimama.

Jumatatu iliyofuata mlango wa bluu haukufunguliwa. Wala Jumanne. Mama alipokuja kukuuliza, ulimwambia, "Mtu aliyesahau harusi ya mwanawe, kesho atasahau msumari kiatuni." Ulifunga begi la vifaa kwa kamba, ukaliweka chini ya kitanda. Kinyozi alikuja kukuchokoza upate kubishana, ukamwambia huenda yeye ndiye mwenye haki. Aliondoka ameogopa.

Sisi tulifurahi, Baba. Tuseme yote. Kaka alisema maombi yamejibiwa, mzee ameacha kwenda machimboni. Wakwe walianza kututembelea.

Mwezi wa pili baada ya hapo, viatu vya Bibi Kicheko vilichanika. Alikuja kwako, ukamkatalia kwa machozi, akaenda kununua sandali sokoni. Ndani ya soli kulikuwa na msumari. Alitembea nao siku tatu. Mguu ulikatwa juu kidogo ya kifundo.

Nilikuwapo ulipoletewa habari. Ulijipiga paji la uso kwa ngumi, ukasema, "Kingekuwa kizima kichwa hiki! Kingekuwa kizima tu!" Nilikushika mkono usijiumize. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukushika tangu uote mabaka. Nilikuwa na maneno matatu ambayo yangekurudishia akili yako, kazi yako na Jumamosi zako. Nikakwambia unywe maji.

Usifikiri nilisahau. Nilihesabu hasara nikaona ni kubwa: mume wangu angejua, wakwe wangejua, Kaka angekosa pa kuweka uso. Upande wako niliweka mzee mmoja mwenye huzuni. Nikaona huzuni ya wazee ni jambo la kawaida.

Moyo ulipoanza kukusumbua tulikupeleka hospitali. Siku tatu kabla hujatuaga ilikuwa zamu yangu kukaa nawe. Ulikuwa mwepesi kwenye lile shuka, na mabaka yalikuwa yamekwisha kabisa. Miezi bila gundi. Ulinivuta karibu.

"Ile siku ya harusi," ulisema. "Umenisamehe kweli, au ulisema tu?"

Nesi alikuwa mlangoni. Hakuna aliyeharakisha. Nilikuwa na muda wote duniani.

"Nilishakusamehe zamani, Baba," nilisema.

Nawe ukanishukuru. Uliniambia asante mara mbili, ukalala usingizi mzuri.

Kaka amesoma mpaka hapa. Amesema, "Hili ni tangazo la kumbukumbu, siyo kituo cha polisi." Amesema familia itachekwa. Nimemwambia ndiyo. Mama amesoma pia, akavua miwani na kusema niongeze kwamba yeye alikuwa dirishani na alisikia kila neno. Nimeongeza.

Unakumbukwa na mkeo, aliyegeukia dirishani. Unakumbukwa na mwanao wa kwanza, aliyetaka aondolewe kwenye orodha hii, lakini nimemwacha humu humu. Na mwanao wa mwisho, aliyepanga ile saa. Na mdogo wako, aliyenishika mkono kwa nafasi yako bila kuuliza. Na wajukuu wako wawili, watakaosoma haya wakikua. Na kinyozi, ambaye hana wa kubishana naye.

Unakumbukwa na watu wa nyumba za machimboni, tuliowasimamisha nje ya uzio siku tulipokuzika. Jumamosi iliyopita nilikwenda kumweleza Bibi Kicheko kila kitu. Alinisikiliza bila kunikatiza, magongo yake yameegemea ukuta. Hakunilaani, nami nilikuwa nimekwenda ili anilaani. Aliuliza jambo moja tu: "Yeye alijua, kabla hajafa?"

Nikamwambia hapana.

Akaniomba niondoke.

Kichwa chako kilikuwa kizima, Baba. Hatutakusahau kamwe.