Vigingi Viko Stoo kwa Sagini

Kijiji cha Tulwet,
Roret.
14 Aprili 2025

Mpendwa mjukuu wangu Bonareri,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U mzima? Hiyo baridi ya Ujerumani imekuachia masikio? Unakula chakula, ama bado ni ule mkate mgumu uliotuonyesha kwa simu? Mimi ni mzima. Magoti yananisumbua, lakini Mungu bado hajaniita, na mimi sijamuuliza ni kwa nini.

Anayeandika ni mama yako mdogo Mellen. Mimi kalamu sijashika, unajua. Nimemwambia aandike vile ninavyosema, asinipambie maneno, kisha aipige picha akutumie. Nimetaka barua kwa sababu kwa simu hunipi nafasi. Nikianza kusema, wewe umeshajibu. Barua huwezi kuikatiza.

Mvua imeanza vibaya. Haina ngurumo wala mawe, inanyesha tu kutwa kucha, taratibu. Ng'ombe amekataa kulala upande wa juu wa boma. Maji ya chemchemi yametoka mekundu. Mlango wa jikoni haufungi tena, na si mbao imevimba, nyumba yenyewe ndiyo imeinama. Kule juu, katikati ya mistari ya chai, ardhi imepasuka. Nimeingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na sikugusa chini.

Nilikwambia haya Jumatano. Ukasema, "Nyanya, usiogope, kompyuta inaonyesha kilima hakijasonga hata kidogo." Ukakata.

Wanafunzi wako walipokuja Januari nilifurahi, wacha nikuambie. Yule Chemutai wa Sigor alikaa jikoni kwangu akanieleza hiyo kazi unayowafundisha mkitazamana kwa skrini. Alisema si kompyuta moja, ni nyingi sana, na kila moja inapewa kipande chake cha kilima, kama sisi tunavyogawana mistari ya chai, halafu zote zinaleta vikapu kwenye mizani moja. Nikaelewa. Nikamuuliza, na mtu akitia mawe kwenye kikapu? Akacheka sana. "Mizani haijui, nyanya. Mizani inapima tu."

Hata mwalimu wao Onchiri nilimpenda. Mwanamume wa mvi, ameketi benchi moja na wanafunzi wake kufundishwa na msichana wetu, na haoni aibu. Wakapanda vile vigingi vya chuma kilimani, vyenye kidude kichwani cha kutuma habari za ardhi, kama imelowa, kama inainama. Februari akaleta picha kanisani. Kilima chote kijani. Akasema kijani ni salama, na hiyo ni kazi ya Bonareri wetu na wanafunzi aliowatayarisha. Nilipiga vigelegele mpaka nikakohoa.

Sasa sikiliza vizuri.

Ijumaa nilikwenda kwa shemeji yangu Sagini kuazima gunia. Nikafungua stoo. Vigingi vyako vyote viko pale, Bonareri. Vimesimama ndani ya karai la mchanga, vimepangwa kama miche, na taa zake ndogo zinawaka.

Nikamwambia, "Shemeji, hivi si vya kilima?"

"Hivyo ni bikoni za kupimia mipaka, shemeji. Kichwa chekundu, nambari ubavuni. Ulitaka nikae nikitazama shamba la marehemu ndugu yangu likienda?"

"Na mbona umevisimamisha kwenye karai?"

"Ili serikali isiseme nimeviharibu. Hata vumbi navifuta."

Alivitoa siku ya pili tu baada ya wanafunzi kwenda. Kwa hivyo kilichokuwa kikavu ni stoo ya Sagini. Kilichokuwa hakisongi ni karai la Sagini. Kompyuta zako zote, na ule ukubwa wake, zilikuwa zinapima karai.

Usimtukane. Hapa chuma chekundu kikisimama shambani kina maana moja tu, kwamba shamba linachukuliwa, na wewe umezaliwa hapa, unaijua. Wanafunzi wako walipoulizwa walisema "ni vya kompyuta" wakaenda zao. Ukiwafundisha tena, wao na walimu wao, wafundishe na kukaa chini kunywa chai na mwenye shamba kabla ya kupiga nyundo.

Nilimfokea Sagini, na hilo ndilo kosa, kwa sababu aliogopa kufungwa, akavitupa vyote chooni. Sasa anasema hajawahi kuviona. Onchiri simu yake imezimwa. Chuo kimefungwa, walimu wamegoma. Naibu wa chifu anataka barua ya chuo ndipo aamuru watu wahame.

Jana nilihama. Nilibeba godoro kichwani mchana, katikati ya njia, watu wakitoka kanisani, ili kila mtu aone. Niko kwa Mellen, ng'ambo ya bonde. Unajua waliniambia nini? "Nyanya wa kompyuta anakimbia kompyuta!" Wamecheka mpaka wakashikana mabega. Nimeingia nyumba moja moja kule chini ya kilima, nimeomba watoke, nimetukana, nimelia. Jibu ni moja: Bonareri alisema ni salama. Watoto wao bado wanalala pale, Bonareri, wamelala kwa jina lako.

Kwa hivyo mimi si wa kuaminiwa tena. Ni wewe. Piga simu kwa mzee wa kanisa, aweke kwa spika, useme kwa mdomo wako mwenyewe, "Nilikosea. Tokeni." Usiseme habari za data, usiseme utaangalia. Sema hivyo tu.

Najua ni chungu. Siku ile ya kanisani Chemutai aliniambia picha hiyo ya kijani ndiyo utakayosimama nayo mbele ya wakubwa wako huko, na kwamba mafunzo mengine yote yanaingojea. Na nakujua, mke mwenzangu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unakubali kulala njaa kuliko kusema pole. Hicho kichwa kigumu umekitoa kwangu, mimi ndiye nakuomba ukiinamishe. Afadhali wakucheke wakiwa hai. Nitacheka nao, kisha nitampiga atakayezidisha.

Mellen anakusalimu na anasema nguo ulizotuma zimewatosha watoto. Sagini pia nakusalimia kwa niaba yake, hata kama hajanituma. Jana nilimwona amekaa mlangoni kwa stoo akitazama juu kilimani. Wasalimie hao unaoishi nao.

Mungu akufunike huko uliko, akupe ulimi mwepesi leo, hata akiuchukua tena kesho.

Ni mimi nikupendaye, hata ukinikasirikia,
Nyanya yako Nyabate

Nilikuwa nimemaliza, lakini Mellen amevuka bonde kwenda nyumbani kwangu kuniletea sufuria na amerudi mikono mitupu. Ule mlango wa jikoni niliuacha wazi kwa sababu ulikuwa haufungi. Amekuta umejifunga wenyewe. Amesukuma kwa bega, haufunguki, nyumba imezidi kuinama. Piga simu sasa.